Mume Aliyerudi Bila Neno

Mimi huandika polepole, mkono wangu ulizoea jembe. Kusoma nilijifunza gumbaru, darasa la watu wazima, hapa Bodo, nina miaka sitini na mitatu, na anayetaka kucheka na acheke.

Wa kwanza kucheka alikuwa mume wangu, Iddi. Alicheka mbele ya wageni wake kutoka Ramisi. "Mke wangu sasa anajua a, e, i, o, u," akawaambia. "Ugali ndio bado unamshinda."

Nikamsusia. Siku nane nilimtengea chakula, nikamwekea maji ya kuoga, neno sikumpa. Siku ya tisa alitoka msikitini akaketi kizingitini, akaniita mara mbili. Nilikuwa uani napeta mchele. Nilimsikia. Aliponyamaza nikadhani amechoka kuita. Kumbe alikuwa amekufa.

Sikulia. Wifi yangu Mwanatumu aliwaambia watu wa matanga kuwa jicho langu ni kavu kama jiwe la kusagia. Hakusema uongo.

Nikakaa eda, miezi minne na siku kumi, sitoki, sipaki wanja wala manukato. Mjukuu wangu Hanifa, afanyaye kazi hoteli moja huko Diani, akaja kunitazama na kitabu mkononi.

"Shikamoo, mke mwenzangu. Nimekuletea cha kukufukuza usingizi."

"Marahaba. Kinasema nini?"

"Mume amekufa, anamrudia mkewe nyumbani. Mimi nilishindwa kwenda chooni peke yangu."

"Wewe hata mjusi anakukimbiza."

Sikukitaka ili kinitishe. Nilitaka kujua maiti akirudi kwake huanza na neno gani, na mke humjibu nini.

Nilisoma ukurasa mmoja asubuhi, mmoja baada ya adhuhuri, kidole chini ya neno. Kurasa nyingi zilikuwa upepo, paka weusi na milango inayolia. Halafu, siku ya tatu baada ya mazishi, yule mjane wa kitabuni akatoka kwenda sokoni kununua vitunguu. Nikampigia Hanifa simu.

"Huyu mwandishi hana mama?"

"Kwani amefanya nini, bibi?"

"Mjane yuko sokoni siku ya tatu. Nani kamruhusu?"

"Bibi, hiyo ni hadithi tu."

"Na hadithi ndiyo haina eda?"

Nikaendelea, maana jambo nikilianza siliachi njiani. Mwezi wa tatu wa eda, ukurasa wa mia na sitini, mume akafika. Alisimama mlangoni, sanda imelowa. Nikakaza kidole nisiruke hata herufi.

Alinguruma. Macho mekundu, kucha ndefu, ngurumo, basi. Mke akapiga mayowe, shehe akaja akasoma, mume akawa moshi. Kumbe hata mume hakuwa, alikuwa jini aliyevaa sura yake.

Nilirudia kurasa zile kwa siku mbili, huenda nimeruka mstari. Sikuwa nimeruka. Mtu katoka kaburini mpaka mlangoni kwake, na mkewe hakumwuliza hata kama ana kiu.

Eda ilipokwisha, wanawake wakaniogesha, wakanivisha leso mpya. Hanifa akaja kuchukua kitabu chake.

"Haya, kimekutisha?"

"Hapana."

"Hata kidogo?"

"Yule mume hakusema kitu."

"Wewe ulitaka aseme nini?"

Nilikuwa sijamwambia mtu yeyote. "Babu yako siku ile aliniita," nikasema. "Mara mbili. Nilimsikia, sikuitika."

Hanifa akaacha utani. Akakiokota kitabu pale mkekani.

"Labda alitaka maji tu, bibi."

"Labda."

"Nikuletee kitabu kingine?"

"Usiniletee."

Aliketi nami mpaka jua likapoa. Kisha akaenda kutafuta bodaboda ya kumtoa Bodo, kitabu chake mkobani.