Mchungaji wa Ukutani na Fainali ya Ijumaa

Kwa miaka mingi nilikana kwamba tenisi yangu yote niliiga kwa mchungaji mmoja wa Kiingereza aliyekufa zamani, kabla mimi sijazaliwa. Kila aliyeniuliza nilijifunzia wapi nilimwambia ni kipaji. Petro alikana mara tatu akalia. Mimi nilikana kila nilipoulizwa, na nikalala usingizi mzuri. Sasa nimestaafu, magoti nayo yamenikana, na ninyi vijana mnaoniandikia kuuliza ukocha ulikuwaje enzi zetu kule Dubai mnastahili ukweli. Enzi zetu ni juzi tu, miaka ya elfu mbili na kumi na kitu, kwa hiyo msinizeeshe.

Siku ya kwanza kazini niliripoti mapokezi ya klabu ya tenisi pale Jumeirah Lake Towers nikiwa na shahada ya historia na viatu vya kisigino. Raketi nilikuwa sijawahi kuishika. Meneja wetu, mama wa Kilebanoni ambaye sote tulimwita madam, alitazama viatu kwanza, kisha uso.

"Unajua nini?" akauliza.

"Historia, madam."

"Vizuri. Historia yetu ile pale." Akanyoosha kidole kwenye korido iendayo ofisini kwake, ambako zilitundikwa picha za mabingwa wa kale wa Uingereza, wanaume wenye ndevu na suruali nyeupe. "Wageni wakisubiri korti huuliza hawa wazee ni nani. Wajue wote. Yalla, haya, kazini."

Nikawajua wote. Miaka mitatu chuoni nikisoma juu ya mashamba ya mkonge, na hatimaye elimu yangu ikapata matumizi.

Mmoja wao, aliyetundikwa jirani kabisa na mlango wa madam, alikuwa mchungaji wa parokia ya mashambani, kaskazini mwa Uingereza. Aliingia mashindano makubwa wakati tenisi ya majani ni mchezo mchanga, wala hakutarajia kufika mbali, ndiyo maana hakutafuta mtu wa kumshikia ibada. Akajikuta anashinda, na Jumapili inakuja. Basi akapanda treni kurudi kwa waumini wake, akahubiri, na Jumatatu akasafiri tena alfajiri, akashuka na kuingia uwanjani moja kwa moja bila chakula. Karibu afungwe. Mvua ikanyesha, mchezo ukasimama, mtu akampa chai, na chai ile ikamfufua. Akawa bingwa. Na hakuwa mpigaji. Ufundi wake wote ulikuwa kurudisha mpira. Akiletewa kulia anarudisha, akiletewa kushoto anarudisha, mpaka mwenzake akose kwa uchovu au kwa hasira.

Hadithi hiyo niliwasimulia wageni mara nyingi hata nikaanza kuiamini kama mafundisho.

Kutoka mapokezi nilihamishiwa kwa Fundi Mkuu wa Nyuzi, Mfilipino mkimya aliyenifundisha kufunga raketi. Nyuzi zikikazwa sana mpira hutii lakini mkono huumia. Zikilegezwa mpira huruka mbali na mchezaji humlaumu fundi. Baada ya hapo nikawa mtunza korti, yaani mtu wa kufagia mchanga unaoletwa na upepo, kukaza wavu ukae kimo chake, na kuokota mipira. Mtunza korti mwenzangu alikuwa Salim, kijana wa Mombasa, mwenye mabega mapana na mdomo usio na likizo.

Hapo ndipo tulipojifunza kucheza. Desturi ya klabu ilikuwa wafanyakazi kuruhusiwa korti zikiwa tupu, na korti za Dubai huwa tupu mchana wa jua kali, wakati hata kunguru wamejificha. Salim alipiga kila mpira kama anaudai. Mimi, kwa kuwa nguvu sikuwa nazo, nilirudisha.

"Dada Eliza, hujui kupiga hata kidogo," alikuwa akisema huku jasho linamtiririka. "Nani alikufunza mchezo huu wa kinyonga?"

"Hakuna. Ni kipaji."

Halafu nafasi ikatokea. Klabu ilihitaji kocha msaidizi wa watoto wanaoanza. Kocha Mkuu, Mserbia aliyewahi kucheza kwa ajira na asiyetusahaulisha jambo hilo, akatangaza mashindano ya wafanyakazi, na kwamba atamtazama mshindi kwa jicho zuri, ila neno la mwisho ni la madam. Kwangu halikuwa jambo la mchezo. Mkataba wangu ulikuwa unakwisha mwezi ule, na kulikuwa na uvumi kwamba hautaongezwa. Bila nafasi ile ningepanda ndege kurudi nyumbani, nami nilikuwa nimegundua, kwa aibu ya msomi, kwamba sijawahi kukipenda kitu kama nilivyoupenda mlio wa mpira katikati ya raketi.

Tukafika fainali, mimi na Salim. Ikapangwa Ijumaa alasiri.

Asiyewahi kuishi kule nimweleze: wakati ule Ijumaa ndiyo iliyokuwa siku ya mapumziko, hivyo sisi Wakristo tulisali Ijumaa kama kawaida ya mji. Nilikuwa mwalimu wa kwaya ya Waswahili kanisani Oud Metha. Salim naye alikuwa na sala ya Ijumaa. Kocha Mkuu aliposikia akashika kichwa. "Kwa hiyo wote wawili mnakwenda kuombea ushindi?"

"Sisi twaenda kusali tu, sir," Salim akamjibu. "Kuomba ushindi dhidi ya huyu dada ni kumsumbua Mungu bure."

Ijumaa hiyo tulikuwa na mhubiri mgeni kutoka Kampala. Alisema ana mambo mawili tu, akayachambua yote mawili kama mtu achambuaye mchele. Mama mwenyekiti wa kwaya, aliyejua habari ya fainali, alinikazia macho: hatoki mtu kabla ya wimbo wa kufungia. Nikaimbisha wimbo wa kufungia kwa kasi ambayo haukuwahi kuimbwa nayo, sauti ya nne wakaachwa ubeti mzima nyuma, nikatoka mbio. Kwenye teksi ndipo nilipokumbuka mfuko wenye suruali ya michezo na chakula changu. Nimeuacha chini ya kinanda.

Niliingia uwanjani nikiwa na raba za akiba za duka la klabu na sare ya kwaya, gauni la kitenge hadi kifundoni. Mabingwa wa kike wa Kiingereza wa zama za mchungaji yule walicheza na magauni marefu kama lile, lakini wao hawakuwa wameshonewa na fundi wa mtaa wa Karama aliyelibana magotini.

Salim alikuwa amejinyoosha kwenye benchi, mkono juu ya tumbo.

"Dada, wataka nikupige polepole ama nikumalize upesi?"

"Vyovyote, mradi ukimbie."

"Mimi nshakula biriani ya mbuzi, sahani mbili. Ijumaa haiendi bila biriani. Nguvu ninazo."

"Mimi nimekula neno la Mungu."

"Basi leo utalala njaa."

Tulicheza seti moja. Salim alipiga kama radi. Miguu yangu ilikuwa imefungwa na kitenge, tumbo linanguruma, na kabla sijatulia alikuwa na gemu nne, mimi moja. Wafanyakazi wote walikuwa pembeni ya uwanja, jikoni nzima imetoka, wanapiga masufuria. Nikaona ndege ya kurudi nyumbani waziwazi, hata kiti changu.

Halafu mvua ikanyesha.

Mvua Dubai si jambo dogo. Watu walisahau fainali, wakatoa simu wakaipiga picha kama mgeni wa kitaifa. Kocha Mkuu akaamuru tusubiri. Salim, kwa wema wake, akakimbilia kibanda cha chai akarudi na vikombe viwili vya karak, ile chai ya maziwa na iliki inayochemshwa mpaka inakuwa nzito. Akanipa kimoja.

"Shika, usije ukanianguka uwanjani wakasema nimekuua."

Nilipoinua kikombe nikahesabu kimoyomoyo. Ibada, safari, njaa, mvua, chai. Maskini Salim hakujua anamfufua nani.

Mvua ilipokata, kwenye klabu nyingine wachezaji wangekaa kitako na watunza korti wakaushe uwanja. Watunza korti tulikuwa sisi. Tukachukua mafagio ya mpira, yale mapana ya kusukumia maji, tukasukuma kutoka mwisho hadi mwisho, na kila alipoinama nilimsikia Salim akiguna. Biriani ilikuwa imeanza kudai haki yake.

Nikapasua kitenge pembeni hadi gotini. Mama mwenyekiti anisamehe. Kisha nikaanza kurudisha. Alipiga kulia, nikarudisha. Alipiga kushoto, nikarudisha juu, polepole, mbali, akimbie. Nne kwa mbili. Nne kwa tatu. "Piga basi kama mtu!" Nikarudisha. Tano kwa tano. Masufuria yalilia, mpishi akapandisha maghani ya Kimasai ingawa hilo si kabila lake, nami ndani ya kifua nilikuwa nacheka. Mpira wa mwisho Salim aliupiga kwa hasira yote ya dunia, ukapita juu ya uzio ukaangukia kwenye ziwa lililo nje ya klabu. Saba kwa tano.

Akaja wavuni, mikono kiunoni. "Sema kweli, dada. Nani alikufunza?"

"Kipaji."

Kocha Mkuu hakufurahi. "Hii si tenisi," akasema. "Huu ni ukuta uliovaa kitenge. Nitamwambia madam hivyo hivyo." Akaenda.

Ukocha nimeufanya baadaye, na nilichojifunza ni kidogo: wengi hawashindwi, huwa wanajishinda wenyewe kwa haraka. Mwanafunzi mwambie arudishe kwanza, mambo ya kupiga yatakuja. Magoti yatunzeni, mimi sikuyatunza. Na siku ya mechi msile biriani. Lakini jioni ile sikuwa na hekima yoyote. Niliketi kitandani kwenye nyumba ya wafanyakazi Al Qusais, kitenge kilichopasuka mapajani, simu mkononi, nikijua kwamba nimeshinda na bado naweza kurudishwa.

Ikaita. Madam.

"Kocha anasema hukupiga hata mpira mmoja mkali. Kweli?"

"Kweli, madam."

"Nimemuuliza Salim nani awafundishe watoto. Anasema yule aliyemkimbiza na biriani tumboni. Anasema yeye mwenyewe angependa kufundishwa hivyo." Nikasikia viatu vyake vikitembea koridoni, vikasimama. Nilijua vimesimama mbele ya picha gani. "Niambie, ulijifunzia wapi kucheza hivi?"

"Ni kipaji tu, madam."

Ukucha wake ukagonga kioo cha picha mara mbili.

"Khalas. Jumapili alasiri, korti namba mbili, watoto wanane," akasema. "Na uvae suruali."