Tambarare ya Kwenye Daftari

Mwaka ule biashara ilipokuwa huria, maduka ya Sumbawanga yalijaa sabuni za kila rangi, ila mbolea ya bei nafuu ikapotea. Mi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo nyumbani Mollo, na nikaona kijiji kinachelewa kuendelea.

Mama alilima kwa intumba, yale matuta ya mviringo ya Kifipa: unakata majani mabichi, unayafukia, yanaoza humo ndani, maharage unapanda juu. Shamba lilionekana kama limeota majipu. Nikamwambia huo ni ushamba, nikamsomea daftari la jiografia: uwanda wa juu ni nchi tambarare iliyoinuka. Na tambarare inataka mistari iliyonyooka.

Mama akauliza hiyo tambarare iko upande gani, maana yeye maji anachota chini na kupanda nayo kichwani. Nikamjibu asibishane na sayansi. Nilimsumbua wiki nzima mpaka akanipa nusu ya shamba na nusu ya mbegu.

"Nyingine hatuna," alisema. "Maharage yaliyobaki ni ya kula."

Nilivuta kamba kutoka barabarani moja kwa moja hadi chini, nikachimba mistari ya kupandia kuifuata, ili wapita njia waone. Bwana shamba, mtu wa Mbeya, alisimamisha pikipiki akasifia. Hakushuka, aliogopa matope.

Mvua kubwa ilipiga mchana mmoja tu. Maji yalikuta njia kumi na mbili, zote nimezichonga mwenyewe, zote zinateremka. Kwenye intumba za mama yalizungukazunguka, yakachoka, yakazama.

Wiki iliyofuata jirani wa chini, Msukuma aliyehamia na mifugo, alipanda kwetu. Alimwamkia mama, kisha akanigeukia.

"Mwalimu, maharage yako yamefika salama. Yameota kwenye malisho yangu. Ng'ombe wanakushukuru."

Mama hakucheka. Aliingia ndani, akatoka na debe la maharage ya kula, akasema kuanzia leo hayo ni mbegu, mboga tutachuma majani. Akanipa jembe.

"Hiyo tambarare yako, igeuze intumba."

Majani mabichi yalikuwa yamebaki kwa jirani tu. Nilipanda na kushuka siku nne, nimeyabeba kichwani, na ng'ombe wananitazama.

Matokeo yalipotoka, jiografia nilikuwa nimefaulu vizuri sana. Nilimkimbilia mama shambani kumwambia. Alinipongeza, kisha akanionyesha tuta la mwisho ambalo nilikuwa sijalimaliza.