Mama Herufi Hakai

Wauguzi ndio waliompa jina la Mama Herufi, na hawakumpa kwa mapenzi. Kazi yake pale masjala ya hospitali ilikuwa kusoma jalada la kila mgonjwa aliyeruhusiwa kwenda nyumbani, kisha kuugeuza ugonjwa wake kuwa msimbo: herufi moja na tarakimu zake, basi. Mimi nilikuwa meza ya pili, kazi yetu moja, kwa hiyo nasimulia niliyoyaona na aliyonisimulia mwenyewe.

Sisi wengine tukikuta daktari kaandika "mgongo unauma," tulitia msimbo wa mgongo unaouma, tukafunga jalada. Yeye hapana. "Mgongo unauma si ugonjwa, ni malalamiko," husema, halafu huyo, na jalada lake kwapani, mpaka wodini. Humsimamia daktari kama mdai. "Ni diski? Ya shingoni au ya kiunoni? Imebana neva au haijabana?" Daktari aliguna, akaandika. Tulipomcheka alitujibu, "Huyu mtu akirudi hapa miguu haimbebi, atakayempokea aanze kupapasa kama yuko gizani?"

Basi ugonjwa aliozoea kuuandika ukambishia hodi mwenyewe. Ulianzia kiunoni, ukashuka pajani, ukamchoma hadi kwenye kisigino kama waya wa umeme. Kutembea aliweza, kusimama aliweza. Kukaa ndiko kulikomshinda. Daktari wa mifupa akampiga picha, akamwonyesha pingili za chini za uti wa mgongo. Diski, ile gegedu laini inayokaa kati ya pingili na pingili kama mto, yake ilikuwa imenywea.

"Imechakaa," daktari akasema. "Hili si jambo la siku moja, Mama. Ni la miaka."

Mama Herufi akarudi masjala, akapanga katoni za karatasi juu ya meza, akapandisha kompyuta juu yake, akaendelea na kazi akiwa wima. Sisi tulizoea upesi. Asiyezoea alikuwa mkuu mpya wa masjala, kijana nadhifu, mashati yake hata mikunjo iliyaogopa. Alisimama mlangoni akamtazama.

"Mama, hii ni ofisi, si kaunta ya baa."

"Basi usiniagize bia, Bosi."

Tulicheka, na kicheko chetu ndicho kilichomponza. Haikupita muda Mama Herufi akaitwa, akaambiwa ama akae kwenye kiti kama wenzake, ama jopo la afya la wafanyakazi limtazame na kumstaafisha kwa ugonjwa.

Habari zikamfikia mwakilishi wetu wa wafanyakazi, mtu wa maneno mengi na moyo mzuri. Alikuja kwenye kona yetu, akateremsha sauti. "Dada, hili dogo. Si uliwahi kupanda ile ngazi ya stoo? Tuseme uliteleza. Daktari aandike umeumia kazini, herufi ibadilike tu. Aliyeumia kazini hawamgusi, na fidia juu."

Herufi ibadilike tu. Kwenye misimbo yetu, M ni kundi la maradhi ya mifupa na viungo, diski zilizochakaa zikiwemo. S ni la walioanguka na waliogongwa. Kati ya herufi hizo mbili kulikuwa na kazi yake yote.

"Sikuanguka," akasema.

"Najua hukuanguka!"

"Basi tumeelewana. Madaktari nimewarudishia majalada kwa uongo mdogo kuliko huo. Leo mgongo ni wangu ndiyo niwape ruhusa? Nitabaki na M yangu, na kazini nitabaki."

Mwakilishi akaondoka amenuna. Nyumbani nako hakukuwa na nafuu. Mumewe, fundi seremala, alikuwa anampaka dawa kiunoni alipomsimulia, na mkono ukasimama palepale.

"Umekataa? Ukweli haukandi mgongo, mke wangu. Waachie kazi yao, ukae nyumbani."

"Baba watoto, nikae? Kukaa si ndiko kunakoniua?"

Mume alitaka kukasirika, kicheko kikamzidi nguvu. Lakini usiku ule alilala amempa mgongo, na wake mzima.

Kabla ya siku ya jopo alimwendea tena daktari wa mifupa. Daktari alikuwa amechoka, foleni imejaa hadi nje. "Ripoti si nimeandika? Diski zimechakaa."

"Umeandika nilichopoteza, Daktari. Andika na nilichobakiza."

Daktari akamtazama, kisha akamwambia apande kitandani. Akampima upya: ainame, ainue mguu, asimame kwa vidole. Alipomaliza akaongeza mistari chini ya ile ya mwanzo.

Jopo lilikuwa na watu watatu na kiti kitupu. "Karibu, Mama, keti."

"Nashukuru. Nitasimama."

Mkuu wa masjala akashika ripoti. "Tusizunguke. Imeandikwa hapa kwamba umechakaa."

"Diski ndiyo iliyochakaa, Bosi. Teremka chini kidogo."

Mwenyekiti, mama mmoja wa utumishi, akaichukua ile karatasi akasoma kwa sauti: asinyanyue mizigo, akae na kusimama kwa zamu kadiri anavyojisikia, kazi yake anaiweza. Mama Herufi alikuwa anatoka jasho, mguu wa kushoto unamtetemeka, na kila mtu mle ndani aliuona. Hakuuficha.

"Unatetemeka," mkuu akasema.

"Natetemeka, ndiyo. Na jalada la mwisho nililofunga asubuhi hii lilikuwa na kosa gani?"

Kosa halikuwepo. Wakamwacha kazini, ila wakamhamishia chumba cha nyuma, kisicho na dirisha, wageni wasimwone. Nilimsaidia kuhamisha katoni, nikiwalaani. Yeye alipima ukuta kwa macho, akasema pana nafasi ya kujilaza. Na kweli, mguu ukimzidi alijinyoosha chini kati ya rafu, akinisomea misimbo akiwa chali. Mumewe akaja na meza ya miguu mirefu, kimo chake amekipima kwa kiwiko cha mkewe, akaiacha bila neno. Mgongo haukupona. Hata leo haujapona.

Baadaye mkuu alimletea karatasi: aweke sahihi kwamba anasimama kwa hiari yake, na likimpata lolote ofisi haihusiki. Akaisoma yote, akairudisha.

"Hiari? Bosi, wewe ungekuwa na diski zangu ungesimama kwa hiari?"

"Ni utaratibu tu, Mama."

"Utaratibu wako nauheshimu. Sahihi yangu sikupi."

Akageukia kompyuta. Kijana alibaki amesimama pale na karatasi yake, na kwa kuwa chumba kile hakikuwa na kiti, hakupata hata pa kukaa.