Mfuko Wenye Picha ya Nguruwe

Nianze na bwana harusi, maana yeye ndiye aliyetufungulia balaa.

Shehe ameshamshika mkono, wazee wamenyamaza, imebaki atamke "nimekubali." Bwana harusi akakodoa macho.

"Nipisheni!"

Akakurupuka na joho lake mpaka msalani. Akakuta mlango umefungwa. Ndani yumo baba mkwe.

Mnacheka? Sisi pale Msambweni hatukucheka. Mpaka adhuhuri kila aliyekula pilau la jana yake alikuwa ameshika tumbo, na watoto wawili walikuwa hospitali wanawekewa maji ya mshipa.

Mpishi alikuwa Twaiba, jirani yangu ukuta kwa ukuta. Haya kanisimulia mwenyewe, na kaniambia jina lake nisilifiche.

Twaiba huyu, kutoka Galu hadi Vanga, ukitaka pilau la harusi lisemwe mwaka mzima unamwita yeye. Na maringo yake sasa! Akimwona mpishi mwenzake na kipakiti cha ladha ya dukani, anabetua mdomo.

"Mimi ladha yangu ni mkono wangu."

Kumbe mkono nao una siri zake.

Watu siku hizi ndimi zimezoea vya mahotelini. Twaiba akaanza kutia ile ladha nyeupe ya vipakiti kidogo kidogo, akijificha. Vipakiti vikawa havimtoshi. Siku moja yuko Ukunda, kaingia duka la chakula cha mifugo kununua pumba, akaona mfuko wa unga mweupe. Muuzaji akamwambia ni ladha, hutiwa kwenye chakula cha mnyama anayesusa kula. Twaiba akaonja kwa ncha ya kidole. Ni ile ile!

Akaununua. Kufika nyumbani, anaugeuza mfuko, anakutana uso kwa uso na nguruwe. Mnene, masikio yamesimama, kama anacheka.

Hapo angeutupa. Hakuutupa. Alijiambia picha si nyama, akausukumiza nyuma ya gunia la mchele.

Sasa sikilizeni kwa makini.

Nyama ya harusi ya binti wa Abdulaziz, yule baba mkwe wa msalani, ilichemshwa jikoni kwa Twaiba Alhamisi alasiri, iliwe Ijumaa jioni. Twaiba akatia unga wake, nyama ikaiva, akaitoa motoni. Akafunika kifuniko, juu yake leso, juu ya leso jiwe. Ndivyo bibi yake alivyomfundisha. Nyama ya harusi ni ya kuogopewa jicho, haiachwi wazi kila mpita njia akatumbukiza macho yake.

Akaenda kuoga. Kurudi, anamkuta Bi Shutu amefunua sufuria.

Bi Shutu ni mjane, mzee, nyumba yake ya mwisho kule kwenye minazi. Ana tabia ya kuingia jikoni kwa watu na kusema analoliona.

"Mwanangu, nyama ya moto haifungiwi hivi. Igawe kwenye masinia ipoe, itakuvundia hii."

"Funika, bibi! Nani kakuita huku?"

Mfuko ulikuwa hapo hapo karibu na mafiga, nguruwe anatazama juu. Twaiba akausogeza kwa mguu nyuma ya kuni. Akajipa moyo kwamba kizee yule haoni mbali. Bi Shutu akarudisha kifuniko, akajiendea zake.

Basi Jumamosi, baada ya mambo ya bwana harusi, Abdulaziz akamjia Twaiba akiwa amejishika tumbo.

"Twaiba, umetulisha nini?"

Kichwani mwa Twaiba mlikuwa na kitu kimoja tu, nguruwe anacheka. Akaona harusi nzima ya Waislamu imelishwa dawa ya nguruwe, na sumu juu yake. Akaona watoto wawili wale wamekufa. Mdomo ukajisemea.

"Muulizeni Bi Shutu. Yeye ndiye aliyekuja kufunua sufuria."

Uchawi hakuutaja. Lakini sisi tunajuana. Ukishasema mjane mzee kafunua sufuria ya harusi, yaliyobaki watu wanayamalizia wenyewe.

Bi Shutu akaitwa uani kwa Abdulaziz. Vijana wamejaa, macho mekundu.

"Ulifunua sufuria?"

"Nilifunua."

"Ukaona nini?"

Twaiba naye alikuwepo, kashika nguzo. Bi Shutu alimtazama, akamtazama kweli kweli.

"Nyama," akasema.

Mchana ule ule nyumba yake ikapigwa mawe. Bati likatoboka. Mmoja akapaza sauti kwamba akilala pale siku nyingine, ataungua nayo. Bintiye, Sidi, akaja kumchukua ampeleke kwake Kikoneni. Bibi wa watu akatoka na mkeka na kuku mmoja kwapani. Twaiba alikuwa nyuma ya pazia anaangalia.

Wagonjwa wakapona, wale watoto pia, alhamdulillahi. Twaiba ndiye akaugua. Chakula hakipiti. Kila akilala anaona bati lile.

Mwisho akaufunga mfuko kwenye leso, akaenda kwa Jemima, afisa wa afya aliyekuja kuchukua mabaki ya nyama yakapimwe. Akautua mezani, akafunika uso.

"Ni mimi. Niliwalisha sumu ya nguruwe."

Jemima akausoma mfuko mbele na nyuma.

"Mama Twaiba, hii ni asidi amino. Vitu kama hivi ndivyo vinavyojenga nyama yenyewe. Hii imo kwenye nyanya, kwenye samaki, hata kwenye maziwa uliyonyonyesha wanao. Wataalamu wameipima, ya watu na ya mifugo. Kwa kiasi cha kukoleza chakula haimdhuru mtu."

"Na nguruwe?"

"Nguruwe ni mlaji tu, mama, hayumo ndani. Huu unatengenezwa kwa molasi ya miwa iliyochachushwa." Kisha akamkazia macho. "Lakini cha mifugo usiwapikie watu tena. Usafi wake haukupimwa kwa ajili yetu."

Twaiba alitaka kucheka na kulia pamoja.

"Sasa kilichowaumiza watu ni nini?"

"Nyama ilichemshwa lini?"

"Alhamisi alasiri."

"Mpaka Ijumaa ilikuwa wapi?"

"Sufuriani. Niliifunika vizuri sana."

Jemima akashusha pumzi.

"Ndiyo hiyo. Maabara imekuta vijidudu kwenye nyama. Vingine havifi kwa kuchemshwa, na nyama nyingi ikifungiwa na joto lake, vinazaana humo usiku kucha. Ungeifunua, ukaigawa kwenye masinia ikapoa upesi, ukaiweka kwenye baridi, tusingekuwa hapa."

Masinia! Ananiambia alisikia sauti ya yule bibi kama yuko nyuma yake. Mtu mmoja tu ndiye aliyetaka kuwaokoa wageni wale, na ndiye aliyepigwa mawe.

Akaenda Kikoneni. Akamkuta Bi Shutu jikoni kwa Sidi anapepeta mahindi. Akaanguka magotini kabla hata ya shikamoo.

"Nisamehe, bibi. Nilikusingizia. Nilikuwa na siri, nilikuwa na mfuko..."

"Wa nguruwe," akasema Bi Shutu. "Niliuona."

Twaiba akainua uso.

"Uliuona? Mbona hukusema? Ungejiokoa!"

"Ningesema, mawe yangekuja kwako. Nawe una watoto wadogo ndani. Mimi nilikuwa na bati tu. Na aibu ya Muislamu mwenzio husitiriwa, ndivyo nilivyolelewa."

Twaiba akalia mpaka Sidi akaja mlangoni kutazama kuna nini. Bi Shutu akamwacha alie. Alipotulia akamuuliza, bila ukali wowote.

"Na watu umeshawaambia?"

Twaiba akatikisa kichwa kukataa.

"Msamaha wangu unao, mwanangu. Lakini mimi nilipigwa mawe mchana, watu wakiona. Wewe unakuja kunitaka radhi jikoni?"

Twaiba anasema neno lile lilimuuma kuliko yote.

Ijumaa iliyofuata alimwomba Abdulaziz awaite watu wale wale, uani pale pale. Nilikuwepo. Akasimama, akainua mfuko juu, picha imewaelekea. Akasema yote, la unga, la sufuria, la Bi Shutu kumficha.

Wapo waliotema mate. Wapo waliosema astaghfirullah. Wale vijana wa mawe walitazama chini, na kesho yake walikuwa juu ya paa la Bi Shutu wanapiga misumari.

Twaiba haitwi harusini tena, na maringo yamekwisha. Bi Shutu naye hajarudi. Anasema bati limezibwa, lakini usingizi wa nyumba ile haujarudi bado.

Ndugu zangu, tunafunika sufuria kwa kuogopa macho ya jirani, na uozo unajizalia humo humo ndani. Ukikosea hadharani, radhi nayo kaiombe hadharani. Na kama kuna mzee mtaani kwenu mnayenong'ona juu yake, mwendeeni mkampe shikamoo. Hujui ni aibu yako ipi amekaa nayo kimya.