Nilivyomwita Mama Yangu Mkosi

Ipo siku moja ninayoikumbuka kuliko siku niliyonunua lori, mwanangu, na wewe unajua ninavyolipenda lile lori.

Unanifahamu. Darasani nilikaa miaka miwili tu, tena wa pili ulikuwa wa kufukuzwa na kurudi. Leo walimu wanakuja kwangu kuazima baiskeli. Kabichi zangu zinashuka Mombo kupanda treni, na wazungu wa Lushoto wanakula karoti zangu wakidhani zimetoka Ulaya. Sikurithi kitu. Najisifu, ndiyo, maana nimeyatolea jasho. Lakini hili la leo halina sifa yoyote kwangu.

Nilikuwa na miaka kama kumi na minane, nasaidia jikoni kwenye nyumba ya mzungu mmoja pale Lushoto. Nilikuwa na viatu. Kijijini kwetu vijana wenye viatu tulikuwa wawili, na vya mwenzangu vilikuwa vimetoboka. Nikaona umefika wakati wa kuoa. Nikamtuma mjomba, kaka yake mama, aende Mlalo kuniposea binti mmoja aitwaye Zaina, niliyemwona sokoni nikakosa hamu ya kula. Mjomba alirudi siku ya pili na posa yetu vilevile. Haikupokewa. Nikamuuliza wamesema nini. Akakwepa macho yangu.

"Kamuulize mama yako," akasema, akaingia ndani kwake.

Mama alikuwa mjane, na mimi mtoto wake wa pekee. Tangu utotoni nilikuwa naona wanawake wenzake hawamtaki. Msibani alikaa peke yake. Kwenye chemchemi walimpisha achote, wakasubiri aondoke ndipo wachote wao. Nilidhani ana ulimi mkali, kawakosea. Basi mjomba aliposema vile, nikaona jibu nimeshalipata.

Sikumsubiri nyumbani. Siku hiyo wanawake walikuwa kwenye msaragambo, wanamlimia mwenzao aliyekuwa mgonjwa, wamejipanga mstari mmoja kwenye mteremko. Mama alikuwa mwisho, na kati yake na aliyemfuata palitosha watu watatu kusimama. Nikapita juu ya matuta na viatu vyangu. Sikumwamkia. Mwanangu, kwetu huku mtoto kumfikia mama yake bila shikamoo ni jambo litakalosimuliwa mwaka mzima. Nikasema mbele yao wote:

"Mama, wewe ni mkosi. Ninakopiga hodi wanafunga mlango kwa sababu yako."

Majembe yakasimama. Hakuna aliyenikemea. Mama alinitazama kidogo, akainama, akamaliza sehemu yake.

Alasiri alinikuta nyumbani. Akakaa na ungo, akawa anachambua maharage huku anasema nami kwa Kishambaa, polepole, bila chozi. Kumbe nilipokuwa mchanga meno yangu ya juu yalitangulia ya chini. Mtoto wa namna hiyo huitwa kigego, na enzi hizo watu waliamini atawamaliza ndugu zake wote. Wazee wa ukoo walikuja na bibi mmoja wa kunichukua. Hakuna aliyesema napelekwa wapi, na hakuna aliyeuliza, kwa kuwa waliochukuliwa kabla yangu hawakurudi. Mama akaomba aninyonyeshe mara ya mwisho. Akatorokea mlango wa uani, akashuka nami mgongoni mpaka Mombo. Huko alilima mashamba ya watu asiowajua, hadi meno ya chini yakaota. Aliporudi, wazee walinifungua mdomo, wakakuta meno ya juu na ya chini, wakaenda zao. Kisha vita vya Wajerumani na Waingereza vikamchukua baba kubeba mizigo, akafia hukohuko. Watu wakasema kigego amemla.

"Usidhani nilikuwa jasiri," mama akaniambia. "Nilikuwa mkaidi tu. Habari za baba yako zilipofika, nilikutazama umelala nikasema, kumbe walisema kweli. Zipo siku sikukupenda. Nilikuogesha, nikakupikia, nikangoja mapenzi yarudi. Yakarudi. Kulea ndiko huko, ila watu hawasemi."

Nikamuuliza kama anawachukia wale wanawake. Akacheka kidogo.

"Mama Salehe hajanisalimia mbele za watu tangu wakati ule. Lakini ulipougua surua aliniachia maziwa kichakani, njia ya mtoni, siku tisa mfululizo. Watu si wabaya, mwanangu. Wanaogopana."

Nikapiga magoti kuomba radhi. Akakataa.

"Mkosi uliniita shambani. Radhi ya humu ndani siitaki."

Asubuhi nilirudi kule shambani, peku. Nikamwamkia mama kwa sauti ya kusikika mstari mzima, kisha nikawaambia wale wanawake kwamba jana nilimtukana asiye na kosa. "Kigego ni mimi," nikasema, "na huyu ndiye aliyekataa nife." Hakuna aliyeshangaa. Wote walijua tangu zamani. Kijiji kizima asiyejua nilikuwa mimi peke yangu. Ila jambo hilo lilikuwa halijawahi kutamkwa mchana kweupe.

Mama Salehe akasogea hatua moja upande wa mama, akalima. Akasogea nyingine. Mwisho majembe yao yakakaribia kugongana.

"Hapa pana mawe," akamwambia mama.

"Pana mawe miaka yote," mama akajibu. Wakaendelea kulima.

Zaina sikumpata. Nilioa baadaye, na mama alimlea mjukuu wa kwanza kwa mikono yake.

Sasa nasaha yangu, mwanangu. Kabla hujamdai mzazi wako ulichokosa, muulize kwanza yeye alikosa nini ili wewe uwepo. Ukimvunjia mtu heshima mbele za watu, kairudishe mbele ya watu walewale. Na wewe mwenye kulea, usiwaachie majirani wakuamulie nani mtoto na nani si mtoto. Ukifikiwa na siku mapenzi yamekauka, endelea kupika, endelea kuogesha. Nami ukinisikia najitapa kwamba nimejitengeneza mwenyewe, ujue hadithi nimeianzia katikati.

Mungu akupe mdomo mwepesi wa kuomba radhi, akupe watoto utakaowatetea, na mama yako akuone leo hii ukiingia mlangoni na shikamoo yako. Amina.