Babu Aliyechukua Pete ya Kopa

Kama unataka kucheka, cheka sasa hivi umalize, maana nikishaanza sipendi kukatizwa. Haya niliyaona mimi mwenyewe, mchana kweupe, nikiwa na akili zangu timamu na bila tone la pombe tumboni. Mke wangu yupo, muulize. Shangazi yake naye yupo, ila huyo ukimuuliza atakufukuza.

Mimi ni sonara. Miaka ile ya ruksa, bidhaa zilipoanza kumiminika madukani, nilikuwa na meza yangu sokoni Bariadi, na kilichonilisha ni pete za uchumba. Wazazi wetu walioana kwa ng'ombe, basi, yameisha. Sisi tukaanza kuambiwa kwamba binti asiyevishwa pete hajachumbiwa. Na mitindo nayo haikutulia! Ilianza pete ya herufi ya jina. Mara ikaja ya mikono miwili iliyoshikana. Mara jiwe moja jeupe limenyanyuka juu, likikwaruza kila kitu binti anachoshika. Mwisho ikaja pete ya kopa, umbo la moyo kama la karata, jiwe jekundu katikati, dhahabu ya kuchovya. Hiyo iliwatia watu wazimu, haki ya Mungu. Vijana walikuja kutoka Maswa, kutoka Mwamanyili huko, wakitaka kopa na si kitu kingine.

Sasa mimi fundi wa wachumba wote, mchumba wangu ningemvisha nini? Anaitwa Minza, wa Nkololo. Nilimpenda mpaka nilikuwa nakosea vipimo vya wateja. Ila nilikuwa na mpinzani, karani mmoja wa wanunuzi wa pamba, kijana wa kunyoosha suruali kwa pasi hata siku ya kazi, na shangazi yake Minza alikuwa upande wake waziwazi. Baba mtu akasema tusigombane: mimi nimetangulia, nipangiwe siku, nije na pete. Nikikosa, anakaribishwa mwenzangu. Unaona nilivyokuwa nimebanwa?

Mjomba wangu ndiye aliyekuwa mshenga. Alizunguka kwa baba, kwa mama, kwa shangazi, kila mtu akapewa chake. Kwetu kuna mmoja zaidi, naye ni babu. Babu humwita mjukuu wake "mke wangu" tangu anatambaa, kwa hiyo ukija kuoa lazima umtoe babu: umpelekee ugoro, akutukane kidogo, umjibu, mcheke, ndipo akuachie mke. Babu yake Minza alikuwa ameshafariki siku nyingi. Mjomba akaniambia, "Huyo tumepona, safari moja imepungua." Nami kwa ujinga wangu nikacheka.

Siku yenyewe mjomba na wenzake walitangulia asubuhi. Mimi nilichelewa nikiing'arisha ile kopa, kila nikimaliza naona bado. Nikaondoka na baiskeli jua likiwa utosini, nimevaa shati jipya, vifaa vyangu vya kazi kwenye mkoba nyuma, maana fundi haachi koleo lake nyumbani. Pete nikaiweka mfuko wa shati.

Karibu nifike, kuna tambarare ya mashamba ya pamba. Watu walishang'oa miti ya pamba na kuichoma, ardhi tupu mpaka macho yanachoka. Hapo kando ya njia nikamkuta mzee amechuchumaa, shuka jeusi begani, bangili ya shaba mkononi.

"Mwadila, guku," nikamsalimia, maana kwetu mzee wa umri ule ni babu wa kila mtu.

"Mwadila. Shuka, nione pete."

Jamani, nani alimwambia nina pete? Lakini nilijua natambulika, sonara wa Bariadi, basi kichwa kikavimba. Nikashuka. Nikamwonyesha kopa yangu. Akaigeuza juani, akaifuta kwa shuka, akauliza kwa nini ile ya jiwe refu sikuileta, nikamweleza imepitwa na wakati. Akauliza ile ya mikono miwili, nikamwambia hiyo siku hizi wanavaa wazee. Akacheka mpaka akakohoa.

"Wewe unazijua pete," akasema. "Mimi nina wake wawili. Mdogo anaolewa leo."

Niamini, maneno hayo niliyasikia kwa masikio yangu yote mawili na sikushtuka. Nilijua ni pombe ya mtama. Tena nikamtania, "Pole, guku. Na mkubwa?"

Uso ukambadilika. "Mkubwa amenipikia maisha yake yote. Kidoleni sijawahi kumvika hata uzi."

Akaivaa kopa yangu kidole kidogo, kilichokuwa kimepinda. Akavua bangili, akanitia mkononi. "Hii ya mdogo," akasema. Nikaanza kupiga kelele, guku, hiyo pete nina shughuli nayo! Baiskeli ikaanguka. Nikageuka kuinyanyua, na niliporudisha macho, hakuna mtu.

Angejificha wapi? Hapakuwa na mti, hapakuwa na kichaka, hata kisiki. Nikatazama vumbi: alama za tairi yangu, alama za viatu vyangu, basi. Na ile bangili, kwenye jua lile la kukaanga karanga, ilikuwa ya baridi kama imetolewa mtungini. Nywele zilinisimama mpaka kofia ikanyanyuka. Nilikanyaga baiskeli ile mpaka mnyororo ukalia.

Lakini nikuambie ukweli? Kilichoniliza njiani hakikuwa kile kizuka. Nilimlilia Minza. Nilimwona kabisa akiondoka na yule karani wa suruali za pasi.

Nikafika nimelowa jasho. Watu wamekaa, togwa imemiminwa, Minza amefunikwa kanga katikati ya wenzake. Mjomba akainuka akajisifu weee, kijana wetu fundi, leo mtaona kopa ambayo Nkololo haijaiona. Kisha akanigeukia. Nikasimama. Nikawaambia yote kama ninavyokuambia wewe.

Shangazi akapiga makofi mara moja. "Mkwe kalewa! Pete kauza, anatuletea hadithi!"

Baba akainamisha kichwa. Minza akafunua kanga akanitazama, machozi yamemjaa. Nilitaka ardhi ipasuke.

Hapo ndipo mlango wa nyumba ya bibi ukafunguka. Bibi, mke wa marehemu, alikuwa amelala kidogo kwa ajili ya jua. Alitoka anajishika mkono, anauliza kwa sauti ya usingizi, "Nani kanivisha hiki?"

Kopa yangu! Nyekundu, inawaka, kwenye kidole cha bibi!

Bibi akasema alimwota mzee wake, kachuchumaa kando ya mkeka, ananuka ugoro kama zamani, anacheka. Baba akaninyang'anya bangili akaitazama, palikuwa na kovu la jembe upande mmoja. "Hii nilimzika nayo mimi mwenyewe," akasema. Shangazi akaketi chini bila kutafuta kiti.

Walijaribu kuivua pete. Wakaleta sabuni, wakaleta samli. Haikusogea, na bibi mwenyewe akawapiga vibao. "Niacheni! Miaka yote hiyo namsubiri aniletee kitu, leo kaleta, mnataka kunivua?" Akaanza kulia na kucheka pamoja, na akina mama wote wakamfuata.

Kisha akanigeukia. "Wewe mkwe. Ulimtoa babu?"

Mjomba akatazama viatu vyake. Nikajibu hapana.

"Basi twende."

Kaburi liko pembeni ya zizi, kama walivyozikwa wenye kaya wengi wa kwetu. Nikapewa ugoro wa bibi. Nikapiga magoti nikamwaga kidogo juu ya udongo, nikasema kwa sauti, "Guku, nisamehe. Wewe mzee, meno huna, ng'ombe wako wamekonda, huyu binti utamlisha nini? Niachie mimi." Utani ni utani, hauachwi nusu.

Tukasikia mtu anapiga chafya.

Moja tu, nzito, ya mzee aliyevuta ugoro vizuri. Tukatazamana. Hakuna aliyekuwa na ugoro isipokuwa bibi na mimi. Mjomba aliruka ua wa zizi, na yule ni mtu mnene! Bibi ndiye aliyeanza kucheka, tukacheka wote mpaka tukashikana.

Nikafungua mkoba wangu hapohapo. Baba akanirudishia ile bangili, nikakata kipande chake kwa koleo, nikakipasua nyuzi mbili, nikazisokota, nikazigonga juu ya jembe, nikalainisha kwa tupa. Nikamvisha Minza watu wakitazama. Ikamkaa bila kurudiwa. Kigelegele cha kwanza, huwezi kuamini, kilikuwa cha shangazi.

Wiki iliyofuata wasichana walinijia sokoni. Hawakutaka kopa tena, walitaka "pete ya guku", shaba ya kusokota. Niliuza mpaka Binza huko Maswa. Zile zote nilizotengeneza kwa shaba ya dukani ziliacha kijani vidoleni, nikatukanwa sana. Ya Minza mpaka leo haijawahi kupauka, na usiku wa joto mwenyewe Minza huniambia niishike, ni ya baridi. Mimi naishika kidogo tu, naiachia.

Bibi alizikwa na kopa yake, hakuna aliyethubutu kuigusa.

Sasa wewe unayetaka kuoa, sikiliza. Mitindo ya pete nitakuchagulia, hiyo ndiyo kazi yangu. Lakini akija kijana kwenye meza yangu, kabla sijampima kidole mchumba wake namuuliza kwanza kama amemtoa babu wa binti. Juzi mmoja akanijibu kwa haraka, "Babu yake alishakufa, fundi, nipe pete niende."

Nikaweka koleo chini. Nikamwambia, "Hata wangu alikuwa amekufa."