Cheti Kilichokosa Muhuri

Ipo siku moja ya ujana wangu ninayoikumbuka kuliko nyingi, mwanangu Nasra, na leo nakuhadithia kwa sababu baba yako amenipigia simu mara tatu tangu asubuhi. Anasema umepata barua ya chuo kikuu cha Uingereza, wanakuita wiki tatu za masomo ya kiangazi kabla hujamaliza sekondari. Jibu wanalitaka Alhamisi. Na wiki hizo ndizo zile zile tulizopanga kwenda Unguja kwa babu yako. Baba yako anataka mimi, shangazi mtu, niamue. Mimi siamui. Sogea hapa karibu na kiyoyozi, mimina chai, unisikilize.

Nilikuwa na miaka kumi na saba. Tulikaa mtaa wa Mankhool, hapa hapa Dubai, ghorofa ya pili, juu ya fundi viatu. Babu yako, yaani baba yangu, alikuwa karani wa ghala, na kampuni ilimpa likizo na tiketi kila baada ya miaka miwili. Mwaka ule ulikuwa wa likizo. Mama yake, bibi yangu Mwanaisha, alikuwa Unguja akimsubiri. Ndipo nami nikapata barua kama yako. "Umechaguliwa," ilisema. Neno lile likanipanda kichwani! Sikujiuliza nimechaguliwa kwa lipi, wala wangapi wengine wameandikiwa vivyo hivyo.

Babu yako aliisoma mara moja tu. "Unataka kwenda?" akaniuliza.

"Nataka, baba."

"Basi inshallah utakwenda."

Hakuniuliza kwa nini, nami sikumuuliza ada itatoka wapi. Lakini nilijua. Kampuni ilimpa fedha badala ya tiketi, na yeye akabaki Dubai Agosti nzima, na joto lake unalijua, ili mimi niende. Nilijua nikanyamaza. Hilo ndilo kosa langu, wala silifichi.

Huko nilichagua masomo ya uongozi kwa kuwa jina lake lilinipendeza. Nikakaa viti vya nyuma. Nikapiga picha mbele ya lango, mbele ya maktaba, mbele ya sanamu ya bwana mmoja nisiyemjua mpaka leo. Chumba nilikaa pamoja na msichana wa Kampala aitwaye Prossy. Yeye alikuja na daftari la maswali: kwa nini kisima cha kwao hukauka na cha jirani hakikauki. Kila jioni alimfuata mwalimu mpaka mlangoni. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na Prossy aliinama. Chuo kilikuwa kile kile, chakula kile kile, vitanda vyetu vimepakana. Yeye alirudi kwao na majibu.

Mimi nilirudi na cheti kizito, chenye ukingo wa dhahabu. Sasa wewe umezaliwa hapa, unajua mambo yetu: cheti cha ndoa muhuri, cha kuzaliwa muhuri, cha shule muhuri, la sivyo hakuna anayekutazama. Nikamburura babu yako mpaka duka la taipu la Mzee Hemedi, Mzanzibari mwenzetu aliyekuwa akituandalia karatasi zote za serikalini. Nikamwambia nataka cheti changu kigongwe mihuri yote inayohitajika.

Mzee Hemedi alivaa miwani, akasoma, akavua miwani.

"Binti yangu, hapa pameandikwa kwamba umehudhuria tu."

"Ndiyo, mzee."

"Basi hiki hakipelekwi popote. Muhuri hugongwa juu ya kitu. Kitu chenyewe kiko wapi?"

Nikaanza kumtajia jina la chuo. Akaninyamazisha kwa mkono, wala hakukasirika. Akatia karatasi nyeupe kwenye mashine, akaweka vidole tayari. "Haya, nambie. Jambo moja tu ulilojifunza huko. Nitalipiga taipu sasa hivi, bure."

Akangoja. Babu yako naye alingoja, amekaa kwenye stuli, ananitazama kwa hamu, kwa sababu yeye kweli alitaka kujua. Hapo ndipo nilipoumia. Sikuwa na sentensi hata moja. Debe tupu! Mzee Hemedi akaichomoa ile karatasi, akanipa. "Ukipata la kuandika, niletee." Njiani babu yako alininunulia chai ya karak, ile nzito ya maziwa, na sambusa mbili, akazungumzia joto. Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Nilikaa na karatasi ile siku tisa. Ya kumi nikarudi dukani peke yangu, nikampa Mzee Hemedi mstari mmoja. Akaupiga taipu polepole: Baba hakwenda kumwona mama yake, nami nilijua nikanyamaza. Kisha akafungua droo, akatoa muhuri wa duka lake, akaugonga chini ya mstari ule.

"Hili nimelishuhudia," akasema. "Sasa nenda kamwambie mwenyewe."

Nilimwambia. Alinishika kichwa akacheka, kisha machozi yakamtoka. Tulikwenda Unguja miaka miwili baadaye. Bibi tulimkuta hai, alhamdulillahi, ila macho yalikuwa yamekwisha kuzimika. Alimjua mwanawe kwa kumpapasa uso. Majuto ni mjukuu, mwanangu, na mimi huyu wangu nimemlea miaka mingi.

Sasa sikwambii usiende. Masomo yale yalimfaa Prossy, na huenda yakakufaa wewe. Chukua karatasi hii nyeupe. Andika unachotaka kukijua huko ambacho hapa hukipati. Kisha toa jina la chuo, toa cheti, toa picha za kuwaonyesha wenzako, utazame kimebaki nini. Likibaki swali linalokukera rohoni, nenda, mimi nitasema na baba yako. Likibaki jina tupu, khalas, yameisha, usiende, wala usione haya. Barua imekupa heshima, na wiki tatu hazikufungulii mlango wa chuo kama darasani hukusoma. Chuo utakiomba kwa wakati wake.

Ila kabla ya Alhamisi mpigie babu yako simu, wewe mwenyewe. Atakwambia nenda. Namjua, atakwambia nenda hata kama ameshatandika kitanda chako. Usikate simu hapo. Muulize: "Na wewe, babu, unataka nini?" Mimi sikumuuliza.

Mungu akufungulie elimu yenye manufaa, mwanangu. Akuongoze uendako na akurudishe salama, na wale wanaokungoja uwakute wangali wanakuona.